Roda, kitako au upinde mtupu: wa kununua kabla msimu wa kulungu haujafunguliwa

Kila Julai inapoingia, hapa Columbus, Ohio, huanza kuulizwa swali lilelile. Safari hii aliyeuliza ni kijana wa Bujumbura tunayefanya naye kazi ghalani. "Kaka, cheti cha mafunzo ya uwindaji nimeshakipata. Sasa ninunue upinde gani?" Nikamjibu kwa swali: kuanzia leo hadi siku ya ufunguzi, una jioni ngapi huru kwa wiki? Akanitazama kwa mshangao, maana alijua nitamuuliza ana dola ngapi.

Bei nitaitaja, na kasi ya mshale nitaitaja. Lakini kinachozitenganisha pinde tatu zinazouzwa huku ni jioni za mazoezi ambazo kila mmoja unakudai kabla hujawa na haki ya kumwelekezea mnyama hai. Mtu aliyenunua upinde unaodai miezi sita ilhali ana wiki tatu atamjeruhi kulungu, na kulungu aliyejeruhiwa akapotea msituni ni jambo ambalo halikutoki moyoni. Nitafika hapo.

Kwanza tarehe. Ohio hufungua msimu wa upinde mwishoni mwa Septemba. Mwaka 2025 ilikuwa Jumamosi ya tarehe 27, na msimu ukaendelea hadi 1 Februari 2026. Kwenye eneo linalofuatiliwa kwa sababu ya ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ulifunguliwa wiki mbili kabla. Michigan ni 1 Oktoba. Kentucky, ambako ndugu zetu wengi wa Kongo wanaishi Louisville na Lexington, upinde wa kuvutwa kwa mkono huanza Jumamosi ya kwanza ya Septemba, lakini mwenye upinde wa kitako, ule unaofyatuliwa kama bunduki, husubiri hadi Jumamosi ya tatu. Oregon hairuhusu kabisa kuwinda kwa upinde wa kitako. Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, soma kanuni za jimbo lako za mwaka huohuo.

Na neno moja kuhusu mnyama mwenyewe. Tunamwita kulungu kwa kuazima. Kulungu wa kwetu, yule ambaye wengine humwita pongo au mbawala, pembe zake akishaota ni zake mpaka kufa. Huyu wa Marekani mwenye mkia mweupe, dume lake hudondosha pembe kila mwaka wakati wa baridi, kisha huota nyingine zenye matawi. Zikiwa zinakua hufunikwa na ngozi laini kama mahameli, na mwanzoni mwa Septemba huikwangua kwenye vichaka. Ukiona miti midogo imechubuliwa maganda kimo cha goti hadi kiuno, ujue dume amepita.

Upinde wa roda

Huu ndio utakaouona kwa wawindaji wengi. Ncha zake mbili zina roda zisizo duara kamili, na kamba zimepitishwa humo kama zinavyopitishwa kwenye kapi za jahazi. Aliyeubuni ni Holless Wilbur Allen wa Missouri, akapewa hataza mwaka 1969. Kazi ya roda ni kwamba ukishavuka katikati ya mvuto, uzito unapungua ghafla. Upinde wa ratili 60 (paundi, kama tulivyozoea kusema) unaopunguza asilimia 80 unakuachia ratili 12 tu za kushikilia unapolenga. Unaweza kusubiri kulungu apige hatua mbili zaidi bila mkono kutetemeka.

Unalenga kwa pini zenye rangi, ya juu kwa yadi 20, inayofuata 30, na kadhalika, ukichungulia kwenye tundu dogo lililofungwa kwenye upote, yaani kamba ya upinde. Mshale unaachiwa kwa kifyatulio kinachovaliwa mkononi, si kwa vidole. Vitu hivi vyote ndivyo vinavyomfanya mtu wa kawaida aweze kupiga vizuri ndani ya wiki nane hadi kumi, akifanya mazoezi jioni tatu kwa wiki. Seti kamili ya kuanzia, yenye pini na podo, hupatikana kwa dola 400 hadi 600. Seti za bei ya juu hupita 1,000, na tofauti yake kwa mtu wa mwaka wa kwanza ni ndogo kuliko anavyodhani.

Tatizo la upinde wa roda ni kwamba lazima utoshane nawe kama kiatu. Urefu wa mvuto ukikosea inchi moja, hutapiga sawa hata ufanye mazoezi mwaka mzima. Kipimo cha haraka: nyoosha mikono pembeni, pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine kwa inchi, ugawe kwa 2.5. Mwenye inchi 70 anapata 28. Fundi wa duka ataurekebisha kutoka hapo. Pia jua jicho lako kuu. Tengeneza tundu dogo kwa viganja viwili, tazama kitu cha mbali kwa macho yote mawili, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kile kitu ndilo kuu, na upinde unanunuliwa wa upande huo, hata kama unaandika kwa mkono mwingine.

Sasa uzito wa kuvuta, na hapa nasema kutokana na kosa langu. Upinde wangu wa kwanza, muuzaji aliuweka ratili 70 kwa kuwa niliweza kuuvuta pale dukani, nimesimama, mwili una joto. Asubuhi ya ufunguzi nilikuwa nimekaa zaidi ya saa mbili bila kusogea, na baridi ya alfajiri imeniingia mabegani. Jike likaja, yadi 35. Nikavuta, mkono ukagoma. Nikauelekeza upinde juu ndipo nikapata nguvu, na lile jike likaona kitu kinasogea, likageuza mwili. Nikaachia hata hivyo. Mshale ukampata tumboni. Tulifuata damu yake mimi na mzee mmoja aliyenifundisha kuwinda, siku ile na kesho yake hadi adhuhuri, mpaka damu ikakatika kwenye kijito. Hatukumpata. Yule mzee hakunigombeza. Aliniambia tu nikapunguze ratili.

Jaribio alilonifundisha ni hili: kaa kwenye kiti, inua miguu yote miwili isiguse sakafu, nyoosha upinde mbele yako usawa wa lengo, uvute moja kwa moja. Ukilazimika kuuelekeza juu au kuinama, ni mzito. Sheria ya Ohio inadai angalau ratili 40. Kwa 50 zenye mshale mzuri na kigumba (ncha ya mshale) kikali, mapafu ya kulungu yanapitwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Leo nawinda kwa 52 na sijawahi kutamani zile 70.

Upinde wa kitako

Una kitako na kifyatulio kama bunduki, na upinde wenyewe umelazwa mbele. Unautega mara moja, unabaki umetegwa, unalenga kwa darubini. Kwa Ohio lazima uwe na ratili 75 au zaidi, lakini wa madukani mara nyingi ni 150 hadi 200 na kuendelea, kwa sababu upote wake husafiri umbali mfupi. Hutauvuta kwa mikono mitupu. Kuna kamba ya kutegea inayopunguza nguvu kwa nusu, na kuna mkono wa kuzungusha kwa mwenye mgongo mbovu.

Jioni zinazohitajika ni chache. Mtu aliyewahi kushika bunduki anaweza kupanga darubini na kupiga mahali pamoja kwa yadi 30 baada ya jioni mbili au tatu. Ndiyo maana kwa mzee, kwa mwenye bega lililowahi kuteguka, kwa mama mwenye watoto watatu na zamu za usiku, sioni haya kuupendekeza. Wako wanaoudharau wakisema si uwindaji wa upinde. Mimi naona kulungu anayekufa ndani ya sekunde kumi kwa mshale wa kitako ametendewa vizuri kuliko anayekufa siku mbili kwa mshale wa fahari.

Hata hivyo usidanganywe na kasi. Mshale wake huenda futi 350 hadi 450 kwa sekunde, na matangazo humfanya mtu aamini kuwa yadi 80 ni mbali ya kawaida. Fanya hesabu. Sauti husafiri takriban futi 1,100 kwa sekunde. Kulungu akiwa yadi 40, yaani futi 120, mlio wa upote humfikia baada ya sehemu 11 za mia za sekunde. Mshale wa roda wenye futi 280 hufika baada ya takriban sehemu 43 za mia. Tofauti hiyo, karibu theluthi ya sekunde, inamtosha kulungu mwenye wasiwasi kukunja miguu ajiandae kuruka, na kifua kushuka chini ya mshale. Upinde wa kitako wenye futi 400 unapunguza tofauti hiyo hadi sehemu 19 za mia. Ni nafuu, lakini mlio wake ni mkubwa zaidi, na ukisogea hadi yadi 60 umeirudisha hatari ileile. Kwa yadi 20 hesabu hii haisumbui sana upinde wa aina yoyote, na ndiyo sababu wawindaji wa zamani hawaachi kusema "karibia".

Hasara nyingine ni uzito. Wengi wao ni ratili 6 hadi 8, na msituni milimani utauhisi. Mshale wa pili ni vigumu kuutega bila kelele. Jioni ukimaliza bila kupiga, aina nyingi haziteguliwi kwa mkono. Unafyatua mshale wa mazoezi kwenye shabaha laini au ardhini palipo laini. Usifyatue kamwe bila mshale, upinde hupasuka. Na kidole gumba kikae chini ya reli, ule mfereji unamopita mshale, siku zote. Upote unaopita kwa nguvu ile hukata kidole, wala si kukichubua.

Upinde mtupu

Hauna roda wala pini. Ni mbao na upote. Wenye ncha zilizopindwa kwenda mbele ndio maarufu. Unapatikana kwa dola 150 hadi 200, ukawa wa bei ndogo kuliko zote. Bei hiyo ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu wanalipa dola chache na kudhani wamelipa kila kitu. Deni lililobaki ni la muda: miezi sita kwa uchache, mishale michache kila siku, na hata hapo uwe radhi kujiwekea mpaka wa yadi 15 hadi 20. Hakuna uzito unaopungua. Ukivuta ratili 45 unashikilia 45, kwa hiyo hushikilii, unaachia.

Naupenda kuliko zote. Historia yake pia inatugusa. Mwaka 1911 alijitokeza Oroville, California, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, aliyeitwa Ishi. Daktari wa San Francisco, Saxton Pope, alijifunza kwake kuchonga upinde na kuwinda kimyakimya, na baada ya Ishi kufariki mwaka 1916 aliuendeleza ujuzi ule pamoja na rafiki yake Art Young. Mwaka 1925 wawili hao walifika Tanganyika kuwinda kwa pinde. Wisconsin ilipotenga msimu wa kwanza wa kulungu kwa upinde mwaka 1934, sehemu kubwa ya hamu hiyo ilikuwa imeamshwa na watu kama hao. Ninaposhika upinde mtupu kwenye vilima vya Wayne National Forest, huhisi nimeshika kitu ambacho babu wa mtu fulani kule Ziwa Eyasi angekitambua.

Lakini kama tuko Julai na hujawahi kuvuta upinde, usiununue kwa ajili ya Septemba hii. Ununue, uufanyie mazoezi uani mwaka mzima, na msimu huu uingie na wa roda au wa kitako.

Vigumba

Kijana wangu wa Bujumbura aliuliza kwa nini nasisitiza kigumba kuliko upinde. Nikamkumbusha mishale ya nyumbani. Wahadzabe humpiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu iliyopikwa kwa utomvu wa waridi la jangwani, na Wakamba nao walisifika kwa sumu ya mti. Pale sumu ndiyo inayoua. Kidonda kidogo kinatosha. Huku tunawinda bila sumu. Kulungu anakufa kwa kuvuja damu ndani ya mapafu, basi kazi yote iko kwenye makali. Kigumba butu husukuma mishipa pembeni badala ya kuikata. Jaribu kwa unyoya wa mkono wako: kisiponyoa, kinoe au ubadilishe wembe.

Kuna vigumba vya wembe uliosimama na vya wembe unaokunjuka mshale unapogonga. Vinavyokunjuka huruka kama ncha za mazoezi na hufungua jeraha pana, ila hutumia sehemu ya nguvu ya mshale kujifungua. Mwenye ratili 45, au upinde mtupu wa aina yoyote, atumie wembe uliosimama. Mwenye roda ya 60 au kitako anaweza kuchagua anachotaka. Vya wembe uliosimama vina kasoro yake: hushika upepo, na upinde usiopangwa vizuri utaona mishale inakwenda kando. Kwa hiyo wiki tatu kabla ya ufunguzi acha ncha za mazoezi, upige vigumba halisi kwenye shabaha ya sponji. Ohio inataka upana usiopungua robo tatu ya inchi na makali angalau mawili.

Ulingoni au hemani

Tulikulia tukiona dungu la kulindia mpunga, watoto wamekaa juu wakifukuza ndege. Ulingo wa kulungu ni hivyohivyo, umefungwa kwenye mti futi 15 hadi 20 kutoka chini. Ukiwa juu unaona mbali, macho ya kulungu mara nyingi hayakufikii, na harufu yako hupeperuka juu yake kidogo. Hema la kuvizia linakaa chini, na ndani yake ni giza, na unaweza kusogeza mkono, kunywa chai, au kumkalisha mtoto kando yako bila kuonekana.

Kwa mtu wa mwaka wa kwanza nachagua hema, na sababu yangu ni moja: kuanguka. Ajali za ulingoni huvunja migongo ya wawindaji kila msimu, na nyingi hutokea wakati wa kupanda, kushuka, au kuvuka kutoka ngazini kwenda kwenye ulingo. Ukichagua ulingo, vaa mkanda wa mwili mzima, ufunge kwenye kamba ya usalama inayoanzia chini ya mti, ubaki umefungwa tangu mguu unapoacha ardhi hadi unaporudi. Upinde upandishe kwa kamba baada ya kukaa, usiwe umetegwa wala usiwe na mshale. Ukianguka ukaning'inia, damu hukwama miguuni. Uwe na kitanzi cha kukanyagia na simu mfukoni, si kwenye begi.

Aina ya upinde inaingia hapa pia, na wengi hawalifikirii hili mpaka siku yenyewe. Upinde mtupu wa inchi 62 hugonga paa la hema. Ndani ya hema unatamba wa kitako, halafu wa roda ulio mfupi. Ulingoni wa kitako unasumbua, maana mikono yake ikifyatuka hupanuka pembeni na kugonga shina au kingo za ulingo. Kaa mahali utakapokaa msimu mzima, ushike upinde wako, ugeuke pande zote. Kama ni ulingo, fanya mazoezi ukiwa juu, kwa sababu pembe ya kushuka hubadilisha mahali pa kulenga.

Hema lisimamishwe wiki mbili au tatu kabla, lifunikwe majani, kulungu walizoee. Na uwe ulingoni au hemani, upepo ndio unaoamua. Ukivuma kutoka kwako kwenda kwenye ujia wa kulungu, usiende siku hiyo, hata kama ni siku ya ufunguzi. Mwishoni mwa Septemba kwenye vilima vya kusini-mashariki mwa Ohio mimi hutafuta mialoni myeupe inayodondosha mbegu. Mashamba ya soya yakishageuka manjano kulungu hupunguza kuyaendea, na mbegu tamu za mwaloni mweupe huwavuta msituni. Mwaloni mmoja unaodondosha, wenye kinyesi kibichi chini yake, una thamani kuliko ulingo wa bei yoyote.

Kwa wenzangu Waislamu

Swali hili huulizwa sana msikitini, na halihusiani na aina ya upinde kama watu wanavyofikiri. Hadithi ya Adi bin Hatim ndiyo msingi: utaje jina la Mwenyezi Mungu unapoachia mshale, na kinachohalalisha ni ncha kupenya, si ubapa kugonga. Ukimkuta bado hai, mchinje. Ukimkuta amekufa na hana alama ila ya mshale wako, mle. Ukimkuta ametumbukia majini, usile, kwa kuwa hujui ameuawa na mshale au na maji. Sharti hilo la mwisho linanifanya nisikae karibu na bwawa, maana kulungu aliyejeruhiwa hukimbilia maji. Maswali ya ndani zaidi muulize shekhe wako kabla ya msimu, si ukiwa umemsimamia mnyama gizani.

Wiki za mwisho

Agosti iwe ya umbali. Anza yadi 10 kwa mkao tu, nenda 20, kisha 30. Mishale 25 kwa jioni inatosha. Ukichoka unajifundisha kukosea. Mshale ninaouhesabu ni wa kwanza wa jioni, mwili ukiwa haujapata joto, kwa kuwa msituni utapata huo mmoja. Chora duara la kisahani cha chai kwenye shabaha. Umbali ambao mishale mitano ya kwanza, ya jioni tano tofauti, yote imeingia kwenye kisahani, huo ndio mpaka wako. Ukikosa mmoja, sogea karibu na shabaha yadi tano.

Piga kulungu aliyesimama ubavu au aliyekupa mgongo kidogo, nyuma ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Akikutazama uso kwa uso, mwache. Baada ya kupiga, angalia saa. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu: subiri nusu saa. Damu nzito nyeusinyeusi ni ini: saa nne hadi sita. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu ni tumbo: subiri saa nane hadi kumi na mbili usimfukuze, atalala karibu. Sisi mwaka ule tulimfuata baada ya dakika ishirini, tukamwinua alipokuwa amelala, ndipo akaenda hadi kijitoni.

Joto la Septemba halisubiri. Siku ya ufunguzi hapa inaweza kufika nyuzi 25, na nyama huanza kuharibika upesi. Uwe na barafu garini kabla ya kutoka nyumbani, umtoe matumbo palepale, umfunge barafu ndani ya kifua. Suruali zipulizwe permethrini siku moja kabla, kwa ajili ya kupe wanaoleta ugonjwa wa Lyme. Na Ohio inataka kulungu asajiliwe kabla ya saa sita mchana ya siku inayofuata. Unaweza kufanya hivyo kwa simu. Kama utawinda kwenye shamba la mtu, ruhusa iwe ya maandishi na uwe nayo mfukoni.

Kwa mtu mwenye jioni tatu kwa wiki na mabega mazima, chaguo langu ni roda ya ratili 45 hadi 55, kigumba cha wembe uliosimama, na hema. Mwenye jioni moja, au mwili ulioumia, achukue kitako na hema, na mpaka wa yadi 35 bila kujali darubini inasema nini. Aliyeanza tangu Januari na ambaye kisahani chake cha yadi 15 hakikosi, aende na upinde mtupu, na asikubali mtu amrudishe nyuma.

Kijana wangu alihesabu zamu zake, akakuta ana Jumanne na Jumapili tu. Nilimshauri kitako. Akaniambia anataka roda, na atabadilishana zamu za Ijumaa na mwenzake hadi Septemba. Tumeiweka ratili 48. Jana alipiga mshale wa kwanza wa jioni kwa yadi 20, ukaingia kisahanini, nikamwambia aufunge upinde na twende tukale. Akataka kupiga mmoja tena. Nikamkatalia, maana ule mmoja ndio ninaotaka aubebe.